Vifo 35 Vilivyozaa Vifo 251,454

Muhula uliopita, hapa Kampala, chama chetu cha wanafunzi wa Kiswahili kiliandaa mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba hospitali zinaua kuliko zinavyoponya. Msemaji wa kwanza wa upande wa kuunga mkono alisimama, akatulia kidogo, kisha akasema: "Marekani, wenye mashine zote, madaktari wao huua watu 250,000 kila mwaka kwa makosa. Ni chanzo cha tatu cha vifo, baada ya ugonjwa wa moyo na saratani. Sasa jiulizeni hapa kwetu." Akatoa simu, akagawanya kwa idadi ya Wamarekani, akazidisha kwa hawa milioni 46 wetu, akatangaza kwamba hospitali za Uganda zinaua zaidi ya watu 33,000 kwa mwaka. Ukumbi ukalipuka kwa makofi. Upande wetu ulishindwa kwa kura nyingi.

Naandika insha hii kuipinga namba ile. Siandiki kwa sababu ya kushindwa mdahalo, ingawa kushindwa kuliniuma. Wala siandiki kuwatetea madaktari. Nina sababu zangu za kutowatetea, na ni haki msomaji azijue mapema ili asije akadhani natumwa na mtu.

Senga wangu, yaani shangazi kwa lugha ya nyumbani, alifariki hospitalini miaka mitatu iliyopita. Aliingia kwa miguu yake siku ya Jumatatu akiwa na uvimbe kwenye kizazi, akapasuliwa Jumatano. Mimi ndiye niliyekuwa namtunza, kwa maana hospitali zetu mgonjwa huja na mtu wake wa kumfulia, kumpikia na kumkimbilia duka la dawa. Nililala kwenye mkeka chini ya kitanda chake. Alhamisi usiku aliniamsha akaniambia, "Mwanangu, nasikia baridi." Shuka lilikuwa limelowa damu. Nikamkimbilia nesi. Alikuwa mmoja kwa wodi nzima, na alikuwa upande wa pili akihangaika na mgonjwa mwingine. Alipokuja alifanya alivyoweza. Daktari akapigiwa simu. Damu ya kumwongezea haikuwepo, ikaagizwa kutoka mjini. Kabla ya alfajiri alikuwa amekwisha kwenda. Kwenye karatasi waliyotupa, chanzo cha kifo kimeandikwa kuwa moyo na pumzi vilisimama. Nani aliyewahi kufa moyo wake ukiendelea kupiga?

Kwa hiyo nilipokutana na ile namba ya robo milioni kwa mara ya kwanza, nikiwa mwaka wa kwanza, niliipokea kwa mikono miwili. Nilikuwa namtafuta mkosaji, nayo ikaniambia kwamba mkosaji yupo, tena ni yuleyule dunia nzima. Niliinakili, nikawatumia binamu zangu, nikaitumia katika insha moja ya somo la uandishi nikapata alama nzuri. Mhadhiri hakuuliza ilikotoka, na mimi mwenyewe sikuuliza. Nilikuja kuuliza mwaka wa pili, nilipotakiwa kuitetea mbele ya mwenzangu anayesoma takwimu, nikashindwa kujibu swali lake la kwanza: "Walihesabu wapi?"

Hawakuhesabu popote, na haya si matusi. Mwezi Mei 2016, Martin Makary na Michael Daniel wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins walichapisha makala fupi katika jarida la kitabibu la Uingereza, BMJ. Hawakufungua faili la mgonjwa hata mmoja. Walichukua tafiti zilizokwisha kufanywa na watu wengine, wakatoa wastani wa kiwango cha vifo, wakapata asilimia 0.71, wakazidisha kwa idadi ya watu waliolazwa katika hospitali za Marekani mwaka 2013, ambao walikuwa 35,416,020. Chukua kikokotoo chako ujaribu. Utapata 251,454, mpaka mtu wa mwisho. Zile tarakimu za mwisho, 454, ambazo zinamfanya msomaji adhani kuna mahali watu walihesabiwa mmoja mmoja, zimezaliwa na kuzidisha tu. Ukiikadiria upya ile asilimia kidogo tu, ukasema 0.7 badala ya 0.71, watu zaidi ya 3,500 wanafufuka papo hapo.

Sasa tuziangalie tafiti zenyewe. Tatu kati yake zilisoma mafaili kweli. Moja ilifanywa na ofisi ya ukaguzi ya wizara ya afya ya Marekani, ikachunguza wagonjwa wa bima ya wazee na walemavu walioruhusiwa kutoka hospitalini Oktoba 2008; ikapata vifo 12. Nyingine ilifanyika katika hospitali 10 za jimbo la North Carolina, vifo 14. Ya tatu ilifanyika katika hospitali tatu tu, vifo tisa. Jumla ni vifo 35. Hivyo ndivyo vifo ambavyo kuna mtu aliyeketi akavisoma katika mafaili. Kutoka hapo tumefika robo milioni.

Kutumia sampuli si kosa. Tungepinga sampuli, tungefunga idara nzima ya takwimu, na kura za maoni, na hata mpishi asingeruhusiwa kuonja mchuzi. Kinachotakiwa ni kwamba kijiko kilichoonjwa kifanane na sufuria. Wazee wa miaka 65 na kuendelea, wenye figo zilizochoka na mioyo iliyochoka, hawafanani na wote wanaolazwa. Marekani huzaliwa watoto karibu milioni nne kwa mwaka, na mama zao wengi hulazwa siku mbili wakarudi nyumbani salama. Ukichukua kiwango cha vifo cha mzee mgonjwa ukampa mama wa miaka 25 aliyekuja kujifungua, umeshamuua kwenye karatasi.

Kuna jambo jingine ambalo kwangu ni zito zaidi, nalo ni la lugha, kwa hiyo linatuhusu sisi wa Kiswahili moja kwa moja. Tafiti zile zilitafuta matukio ya madhara: mgonjwa amepata dhara kutokana na tiba aliyopewa. Dhara si kosa. Mtu anaweza kupewa dawa sahihi, kwa kipimo sahihi, kwa ugonjwa sahihi, mwili wake ukaikataa kwa namna ambayo hakuna aliyeweza kuijua. Hilo ni dhara lisilo na mkosaji. Isitoshe, kuchangia kifo si kusababisha kifo. Lakini tazama safari ya maneno. Watafiti waliandika dhara. Wenye makala wakaandika kosa. Magazeti yakaandika chanzo cha kifo. Msemaji wetu pale ukumbini akasema madaktari wanaua. Kila aliyepokea neno alilipandisha ngazi moja. Kama mwanafunzi wa mwaka wa kwanza angetafsiri matini kwa namna hiyo angepewa sufuri, na angestahili.

Kipimo kingine hakihitaji hesabu ngumu. Mwaka 2010 watu wapatao 715,000 walifia hospitalini Marekani. Kama 251,454 kati yao waliuawa na makosa, basi zaidi ya mmoja kwa kila watatu waliofia hospitalini alikuwa apone, akauawa. Wale wote wenye saratani iliyokwisha kusambaa, waliopata kiharusi, waliogongwa na magari, na wazee wa miaka 90, wagawanyiwe theluthi mbili zilizobaki. Uingereza waliwahi kuketi na mafaili ya watu 1,000 waliofariki katika hospitali 10, utafiti uliochapishwa mwaka 2012. Madaktari wasomaji waliona kwamba vifo vilivyoelekea kuzuilika vilikuwa asilimia 5.2. Mwaka 2020 watafiti wa Yale waliunganisha tafiti nane za namna hiyo wakapata asilimia 3.1, ambayo kwa Marekani ni vifo kama 22,000 kwa mwaka; na wale ambao wangetarajiwa kuishi zaidi ya miezi mitatu walikuwa kama 7,150. Kutoka 250,000 mpaka 22,000 mpaka 7,150, na wote hawa wanazungumzia nchi moja.

Hata hivyo, hizi ndogo nazo si maandiko matakatifu. Mwaka 2001 Hayward na Hofer walichapisha utafiti ninaoupenda kuliko yote. Waliwapa madaktari mafaili ya wagonjwa 111 waliofia katika hospitali saba za maveterani wa jeshi la Marekani, wakawauliza: huyu angeweza kuokolewa? Kwa mtazamo wa haraka, karibu asilimia 23 ya vifo vilionekana kwamba huenda vingezuilika. Walipoulizwa kama vingezuilika kwa uhakika au kwa uwezekano mkubwa, vikashuka hadi asilimia 6. Na walipofikiria hali ya mgonjwa mwenyewe, kwamba hata angetibiwa vizuri kiasi gani alikuwa amebakiwa na siku chache, na wakazingatia pia jinsi madaktari wanavyotofautiana wao kwa wao, waliobaki walikuwa nusu ya asilimia moja. Ni mafaili yaleyale na wasomaji walewale. Kilichobadilika ni swali. Tangu nilisome hilo, mtu akinitajia idadi ya vifo vya makosa, namwuliza kwanza aliulizwa nani, na aliulizwa nini.

Baada ya mdahalo, mhadhiri wetu mmoja ninayemheshimu sana alinivuta pembeni. Akaniambia: "Mwanangu, hata kama namba imezidi, si inatusaidia? Serikali haishtuki mpaka isikie makubwa. Wewe unawapunguzia wenye mamlaka mzigo." Sikumjibu pale pale, kwa sababu ya adabu na kwa sababu sikuwa na jibu. Naomba nimjibu sasa, kwa heshima zote.

Kwanza, Mwalimu, haiwafikii hao wenye mamlaka. Inawafikia mama zetu. Binamu yangu mmoja, kati ya wale niliowatumia ile namba kwa mkono wangu mwenyewe, alipata ujauzito mwaka jana. Alikwenda kliniki mara moja tu, hakurudi tena. Nilipomwuliza alinionyesha simu yake. Ujumbe wangu ulikuwa bado upo. "Wewe si ndiye uliyesema wanaua?" Alijifungulia nyumbani kwa mkunga wa jadi. Yuko salama na mtoto yuko salama, lakini kwa wiki mbili za mwisho mimi sikulala vizuri. Namba ile haikumpa njia ya kutofautisha hospitali mbaya na nzuri, wala dalili za kuangalia, wala maswali ya kumwuliza nesi. Ilimpa woga tu, na woga ulimpeleka mahali ambapo akitoka damu hakuna hata daktari wa kupigiwa simu.

Pili, namba iliyozidi huwapa wakosaji wa kweli mlango wa kutokea. Ukimwendea mkuu wa hospitali na robo milioni, atakuuliza swali lile la mwenzangu wa takwimu, utashindwa, naye atarudi ofisini akiwa ameshinda. Senga wangu atakuwa ameshindwa pamoja na wewe.

Tatu, na hapa ndipo hasira yangu ilipo, namba ile haituhusu. Msemaji wetu alichukua kiwango kilichotengenezwa kwa wagonjwa wa Marekani, waliolazwa katika hospitali za Marekani, akakigawa kwa watu wa Uganda ambao wengi hawalazwi kabisa. Kuna vifo hapa ambavyo havina daktari aliyekosea kwa sababu hapakuwa na daktari. Jopo lililoundwa na jarida la Lancet lilikadiria mwaka 2018 kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watu milioni 8.6 kwa mwaka hufa kwa maradhi ambayo tiba ingeyaweza: milioni 5 walifika kwenye huduma wakapata huduma mbovu, milioni 3.6 hawakufika. Nayo ni makadirio, na naitazama kwa jicho lilelile. Lakini angalau inatenganisha mlango wa hospitali na kitanda cha hospitali, jambo ambalo ile ya Marekani haikuwa na haja ya kulifanya.

Waliofungua mafaili ya kwetu kweli ni wachache. Utafiti mmoja mkubwa ulichapishwa mwaka 2012: mafaili 15,548 kutoka hospitali 26 katika nchi nane, zikiwemo Kenya, Sudan, Misri na Afrika Kusini. Uganda haikuwemo. Kiasi cha wagonjwa wanane katika kila 100 walikuwa wamepata dhara, na matatu kati ya kila madhara kumi yaliambatana na kifo. Wasomaji wa mafaili waliona kwamba mengi yangezuilika. Sababu kubwa waliyoitaja ni mafunzo hafifu na usimamizi hafifu wa wafanyakazi, na kutofuata taratibu zilizopo. Sikufurahi kusoma hivyo, kwa kuwa mimi ningependa lawama yote iangukie bajeti. Lakini hayo ndiyo yaliyotoka kwenye mafaili, na nayapendelea kuliko robo milioni iliyotoka kwenye kikokotoo.

Wenzangu wa upande wa pili watasema sasa nimegeuka: kumbe nakubali kwamba hospitali zina makosa. Sikuwahi kukataa. Hata Makary na Daniel nawaunga mkono katika jambo moja, ambalo ndilo lililosahauliwa kabisa na magazeti yaliyokimbilia kichwa cha habari. Walisema kwamba cheti cha kifo hakina mahali pa kuandika kama tiba ilichangia kifo, na wakapendekeza paongezwe. Hilo ni kweli Baltimore na ni kweli zaidi huku kwetu, ambako cheti kinaweza kuandikwa "moyo ulisimama" na kikapigwa mhuri.

Kuna aina moja ya kifo ambayo hapa Uganda tumeamua, angalau kwenye mwongozo, kutoiacha ipite hivyo. Mama akifariki kwa ajili ya ujauzito au uzazi, kifo chake hutakiwa kuripotiwa ndani ya saa 24 na kujadiliwa na kamati ndani ya siku saba, bila kutafuta wa kumtia pingu: alifika lini, alipimwa lini, damu iliombwa lini, ilifika lini. Utekelezaji unalegalega, najua. Lakini utaratibu upo. Senga hakuwa mjamzito. Kwa hiyo hakuna kamati iliyokaa kwa ajili yake.

Na kama kuna mtu bado anaamini kwamba bila namba kubwa hakuna anayesikia, namkumbusha kesi iliyofunguliwa katika Mahakama ya Katiba hapa Kampala mwaka 2011. Walalamikaji hawakwenda na maelfu. Walikwenda na wanawake wawili waliofariki wakati wa kujifungua, na saa walizosubiri. Kesi ilitupwa mwaka 2012, Mahakama ya Juu ikairudisha mwaka 2015, na Agosti 2020 majaji wakaamua kwamba Serikali, kwa kushindwa kutoa huduma za msingi za uzazi, ilivunja Katiba. Vifo viwili tu, lakini vilivyojulikana saa kwa saa. Hakuna wakili wa Serikali aliyeweza kuuliza "Walihesabu wapi?"

Basi nirudi kwenye kitanda kile. Je, Senga aliuawa na kosa la kitabibu? Ningekuwa msemaji wa ule mdahalo ningejibu ndiyo, nikakaa. Ninachokijua ni hiki: asubuhi ile, kabla hawajaliondoa faili lake, niliiona karatasi ya vipimo iliyoning'inia mwisho wa kitanda. Mapigo ya moyo na presha yalikuwa yameandikwa mpaka saa mbili usiku. Baada ya hapo palikuwa peupe, mpaka saa tisa, pale mimi nilipokwenda kumwita nesi. Saa saba bila maandishi. Peupe pale ni kosa la nani? La nesi aliyekuwa na wodi nzima peke yake? La aliyepanga zamu? La wizara isiyomwajiri nesi wa pili? La daktari aliyefunga jeraha? Langu, niliyelala? Au alipimwa, ila mkono haukupata nafasi ya kuandika? Kila jibu lina dawa yake tofauti, na hakuna hata moja linalopatikana kwa kuzidisha asilimia 0.71 kwa kitu chochote.

Januari nilirudi kule hospitalini kuomba kuliona faili. Karani wa kumbukumbu alikuwa mpole. Alinionyesha chumba chenye magunia yaliyorundikwa mpaka karibu na dari, akaniambia ya mwaka ule yako humo, nirudi baada ya wiki mbili. Nilirudi, alikuwa likizo. Nimeandika barua sasa, kwa Kiingereza kwa kuwa ndicho wanachotaka, nikaambatanisha ile karatasi ya kifo na nakala ya kitambulisho changu. Nitaipeleka mwenyewe mitihani ikiisha.